Vidonge vya vimeng'enya baada ya kunywa pombe: niongeze dozi au nibadilishe aina?

Dereva wa Foleni (mwenye mada):

Habari za usiku wakuu. Naandika nikiwa Tunduma kwenye foleni, leo siku ya tatu, nasubiri kuvuka na mzigo wa Kongo. Nina miaka 36, lori naendesha mwaka wa tisa huu.

Shida yangu ni tumbo baada ya kilaji. Nikinywa bia mbili tatu jioni na nyama choma, usiku wa manane naamka tumbo limejaa, na hapa juu ya kitovu, chini ya mbavu, panauma kama mtu amenikandamiza kwa goti. Mdomoni maji machungu. Asubuhi chakula sitaki hata kukiona. Zamani ilinitokea mara moja moja, sasa hivi ni karibu kila nikinywa.

Miezi miwili iliyopita dada mmoja anayeuza virutubisho alinieleza kwamba mwili wangu umeishiwa vimeng'enya, yaani vile vitu vya mwilini vinavyosaga chakula, ndiyo maana pombe haisagiki. Akaniuzia kopo la vidonge 60 kwa shilingi 85,000. Maelekezo yake: meza viwili ukimaliza kunywa, kabla ya kulala, vitaivunja pombe humo humo tumboni na asubuhi utaamka mzima. Nimefuata. Sasa nipo kopo la pili, limefika nusu. Wiki mbili za mwanzo niliona nafuu, gesi ilipungua. Halafu maumivu yakarudi, na safari hii yanakaa muda mrefu.

Naomba kujua: niongeze viwe vinne? Au kuna aina yenye nguvu zaidi? Habari za kuacha pombe naombeni tuziweke pembeni, nauliza kuhusu vidonge.

Mtu wa Makambako:

Pole mkuu. Mimi nikijua jioni nitakunywa natanguliza chakula kizito, katikati ya bia nakunywa maji, na asubuhi napata supu ya kongoro. Vidonge vya namna hiyo niliwahi kutumia, vya nanasi. Siku nikila nyama nyingi nilihisi tumbo jepesi kidogo. Kwa upande wa pombe sikuona tofauti yoyote, nikaacha kununua.

Dada wa Duka la Dawa:

Kaka dereva, usiongeze hata kimoja kwanza. Naomba unisomee yale maandishi madogo ubavuni mwa kopo: ndani kuna nini, na kila kitu ni kiasi gani? Halafu niambie dawa nyingine zote unazomeza, pamoja na zile za maumivu unazonunua mwenyewe bila cheti.

Dereva wa Foleni:

Dada, nimewasha tochi ya simu ndiyo nayaona. Imeandikwa: mchanganyiko wa vimeng'enya, miligramu 350. Amilasi, proteasi, lipasi, laktasi, selulasi, papaini, bromelaini. Mbele ya kila kimoja hakuna namba yoyote. Chini yake: meza kimoja pamoja na mlo. Neno pombe halipo popote, nimegeuza kopo lote.

Dawa nyingine ni diklofenaki kwa ajili ya mgongo, nikiwa safarini karibu kila siku. Na omeprazo, ya kupunguza asidi, siku tumbo likizidi.

Dada wa Duka la Dawa:

Ahsante kwa kusoma. Hayo maneno "pamoja na mlo" yamekujibu nusu ya swali.

Nikupitishe kwenye hiyo orodha. Amilasi inashughulika na wanga, yaani ugali, wali na ndizi. Lipasi ni ya mafuta. Laktasi ni ya sukari ya maziwa, na hiyo kweli inawasaidia watu ambao maziwa yanawaharisha. Selulasi ni ya nyuzinyuzi za mboga. Proteasi, papaini na bromelaini ni za protini: papaini inatoka kwenye utomvu wa papai bichi, ndiyo maana wapishi wa pwani hupaka papai bichi kwenye nyama ya mishikaki ili ilainike, na bromelaini ni ya nanasi. Kwa hiyo ndugu wa Makambako kuhisi tumbo jepesi baada ya nyama si jambo la kushangaza, na gesi yako ya wiki za mwanzo pengine ni hivyo hivyo.

Pombe haimo kwenye kazi za hao wote, kwa sababu pombe haisagwi. Inapita kwenye ukuta wa tumbo kama ilivyo, karibu moja ya tano tumboni na iliyobaki kwenye utumbo mwembamba, moja kwa moja hadi kwenye damu. Unapomeza vidonge viwili usiku ukienda kulala, sehemu kubwa ya pombe imeshatoka huko vidonge vinakokwenda. Inayoivunja ni ini, kwa vimeng'enya vyake lenyewe vilivyomo ndani ya seli zake. Kimoja kinaigeuza pombe kuwa asetaldehidi, ambayo ni sumu, kingine kinaigeuza sumu hiyo kuwa asetati, na mwisho wake ni maji na hewa ya kaboni. Kidonge cha kumeza hakifiki huko. Chenyewe ni protini, kinaishia kusagwa kama kipande cha nyama.

Sasa kuna jambo linanitisha kuliko tumbo lako. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20 za alkoholi. Ini huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, na hakuna kidonge, supu wala kahawa inayoliharakisha. Chupa moja peke yake ni saa mbili hadi tatu. Mtu aliyeanza saa 1 jioni akanywa tano, mwili wake utamaliza kazi kati ya saa 11 alfajiri na saa 3 asubuhi. Kama umekuwa ukiwasha lori alfajiri ukiamini vidonge vimeikata pombe, umekuwa ukiendesha tani 30 umelewa. Nimezaliwa Mbalizi kaka, kwenye barabara hiyo hiyo yako ya Tunduma kwenda Mbeya, ule mteremko naujua na watoto wanaovuka pale nawajua. Nakuomba sana.

Na diklofenaki uache leo. Inapunguza kinga ya ukuta wa tumbo, na pombe inauchubua ukuta huo huo. Vikikutana kila siku ndipo mtu anatapika damu au anapata choo cheusi kama lami. Ukiona moja kati ya hayo mawili usisubiri kukuche, nenda hospitali usiku huo huo. Usihamie kwenye panadol za kujimezea pia, kwa mnywaji wa kila siku zinaumiza ini.

Seremala wa Kibosho:

Mdogo wangu dereva, mimi ndiye mtu ambaye vidonge vya vimeng'enya vinamsaidia kweli. Nameza kila siku. Nimeona mada yako saa 4 usiku nikashindwa kulala bila kuandika, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Kwanza nijibu maswali mawili. Hayo maumivu, ukilala chali yanazidi, na ukikaa ukainama mbele umekumbatia mto yanapungua? Na huo mgongo, unauma chini kiunoni kama wa madereva wengine, au unauma juu zaidi, usawa wa mwisho wa mbavu, siku zile zile tumbo linapouma?

Nauliza kwa sababu mimi yalinianza hivyo. Nina miaka 51. Nimekulia kwenye mbege kama watoto wote wa huku, lakini kuanzia miaka 30 nilihamia kwenye pombe kali. Chupa ya robo lita kila jioni nikifunga karakana, miaka 14. Robo lita ya asilimia 35 ina karibu gramu 70 za alkoholi. Hesabu hiyo nilikuja kufundishwa nikiwa kitandani.

Zahanati niliyokuwa nakwenda walisema vidonda vya tumbo. Nikapewa dawa za vidonda mara nne ndani ya miaka miwili. Hakuna aliyeniuliza nakunywa kiasi gani, na mimi sikusema. Halafu ikaja siku ya kipaimara cha mtoto wa kaka yangu. Nilikula kitimoto cha kukaanga, nikanywa kupita kawaida yangu. Saa 9 usiku yakanishika. Nilishuka kitandani nikapiga magoti, kifua nimekilaza juu ya godoro, paji la uso kwenye shuka, na ni katika mkao huo tu nilipata pumzi. Mke wangu aliamka akadhani nasali. Nikatapika mpaka yakabaki maji ya njano, na kutapika hakukunipa nafuu hata kidogo. Maumivu yalikuwa yanatoka mbele yanapenya hadi mgongoni, kama msumari wa inchi sita unaopigwa kwenye ubao.

Hospitalini walipima damu, lipasi ikawa zaidi ya mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida. Hapo ndipo niliposikia neno kongosho. Liko nyuma ya tumbo, karibu na uti wa mgongo, ndiyo maana linauma hadi nyuma. Kazi yake moja ni kutengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula. Daktari alinieleza kwamba kongosho huvitoa vikiwa vimelala, visije vikalidhuru, na vinaamka vikishafika kwenye utumbo. Pombe nyingi ya muda mrefu inaharibu mpango huo. Vinaamkia ndani, vinaanza kulisaga kongosho lenyewe.

Mdogo wangu, lielewe hili vizuri. Yule dada alikuambia umeishiwa vimeng'enya. Mtu ambaye kongosho lake limewaka hajaishiwa, anavyo, ila vinafanya kazi mahali pabaya. Kopo la 85,000 haligusi hapo.

Nililazwa siku 9, za mwanzo ni dripu na dawa ya maumivu tu. Nikaambiwa nisiguse pombe tena. Nikakaa miezi mitano. Nikarudia, nikalazwa. Nikarudia tena. Baada ya mara ya tatu maumivu yakaanza kupungua yenyewe na mimi nikafurahi, kumbe kongosho lilikuwa linakufa. Kutoka kilo 78 nikafika 55 na huku nakula. Choo changu kikawa cha rangi ya udongo uliofifia, kinaelea, kinanuka vibaya, na juu ya maji kuna matone ya mafuta yanang'aa kama kwenye supu. Namwaga ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakiondoki. Nilikuwa nafunga mlango wa choo ili wanangu wasione. Daktari akaniambia kongosho lina akiba kubwa sana: mpaka asilimia kama 90 ya uwezo wake ipotee ndipo mafuta yanaanza kutoka namna hiyo. Picha ya sitiskani ilionyesha vipande vya chokaa ndani yake. Sukari nayo ikapanda, kwa sababu insulini, inayoshusha sukari, inatoka humo humo. Sasa najidunga.

Ndipo nilipoandikiwa vimeng'enya, na havifanani na vyako. Nikifungua kimoja naona punje ndogo ndogo za kahawia, kila punje ina ganda linalostahimili asidi ya tumbo, kwa sababu lipasi ikikutana na asidi inaharibika. Kwenye boksi kuna namba: lipasi yuniti 25,000. Chakula kikubwa nameza viwili, kimoja na tonge la kwanza na kingine katikati. Kitafunwa nameza kimoja. Nikikumbuka nimeshanawa mikono, vimepotea bure. Simezi kwa chai ya moto wala siviachi karakanani chini ya bati, joto linaviua. Kilo zimerudi hadi 66. Kwa hiyo nisikilize ninaposema hivi vidonge ni vizuri, mimi vimenirudishia nguvu ya kushika randa.

Lakini vinasaga chakula tu. Mwaka wa kwanza nilijidanganya kwamba kwa kuwa ninavyo, naweza bia mbili. Nilikunywa bia mbili nikameza vidonge juu yake, nikalazwa mara ya nne.

Binti wa Unguja:

Shikamoo mzee wa Kibosho, pole sana kwa hayo yote. Mama yangu naye anatumia vidonge kama vyako. Yeye hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Yake yalitokana na mawe ya nyongo, jiwe moja liliziba njia na kongosho likawaka. Nimeona niseme kwa sababu majirani walianza kumtazama kwa jicho baya waliposikia ugonjwa wake. Mawe ya nyongo na pombe ndizo sababu mbili kubwa, na mtu asihukumiwe kabla ya kupimwa.

Jambo jingine kwa Waislamu wanaosoma hapa: vimeng'enya hivi vya kuandikiwa na daktari vinatengenezwa kutokana na kongosho la nguruwe. Mama alikataa wiki nzima alipojua. Tulimpeleka kwa imamu wetu, akamweleza kwamba kwa dharura, pasipo na mbadala wa kufanya kazi hiyo, inaruhusiwa. Ndipo akaanza kula na kunenepa. Ulizeni mapema ili mgonjwa asije akaacha dawa kimya kimya.

Seremala wa Kibosho:

Marahaba mwanangu. Mpe mama salamu zangu. Dereva, bado nasubiri majibu yako mawili.

Dereva wa Foleni:

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara mbili hapa kwenye kabini.

Nikilala chali yanazidi. Wiki tatu hizi nimekuwa nikilala nimekaa, nimeegemea usukani, nikijiambia ni uchovu wa safari. Na mgongo ni hapo hapo uliposema, usawa wa mbavu za mwisho. Sikuwahi kuunganisha na tumbo. Choo sijaona mafuta, ila mkanda wangu nimeutoboa tundu jipya mwezi uliopita.

Na bia siyo mbili tatu. Naomba radhi. Kwenye foleni ni tano au sita, na pombe kali juu yake. Hapa watu tunakaa siku nne, tano, hakuna kingine cha kufanya. Nikiwa nyumbani napunguza kwa sababu ya mke wangu. Dada wa famasi, na hilo la alfajiri ni kweli. Nimeliendesha hivyo mara nyingi.

Dada wa Duka la Dawa:

Kaka, ahsante kwa kusema ukweli. Sasa sikia. Lori mwachie mwenzako, mwombe tajiri akupe ruhusa, panda basi uende Mbeya kesho asubuhi. Waambie unataka kuangaliwa kongosho: lipasi kwenye damu, sukari, vipimo vya ini, na altrasaundi ya tumbo. Wataangalia na nyongo humo humo. Kwa ajili ya altrasaundi usile kuanzia usiku. Kopo lako liweke kwenye begi, daktari alione.

Na kitu kimoja muhimu: kama umekuwa ukinywa kiasi hicho kila siku kwa muda mrefu, ukikata ghafla mikono inaweza kutetemeka, ukatoka jasho, ukaweweseka, wengine hupata degedege. Mwambie daktari ili akusaidie kuishusha kwa usalama. Ukisikia maumivu makali na kutapika usiku huu, usisubiri basi la asubuhi, nenda hospitali ya hapo hapo.

Mtu wa Makambako:

Mkuu, mimi nina ndugu Mbeya, nyumba yake iko mwendo mfupi kutoka stendi. Nitumie ujumbe pembeni, ukihitaji pa kulala utalala.

Dereva wa Foleni:

Wakuu, leo saa 5 asubuhi. Nipo Mbeya, kwenye benchi nje ya maabara. Utingo amebaki na gari. Tajiri amenielewa, nilimwambia tu ni tumbo. Damu wameshachukua, majibu ya lipasi wamesema saa 8. Usiku wa jana sikunywa, mikono inatetemeka kidogo. Mbele yangu kuna watu watatu, halafu naingia kwa daktari. Mzee wa Kibosho, nianzie wapi nikiingia?

Seremala wa Kibosho:

Anza na idadi ya chupa. Ziandike sasa hivi kwenye simu ukiwa hapo kwenye benchi: bia ngapi, ile kali kiasi gani, siku ngapi kwa wiki, tangu mwaka gani. Ukiingia mpe simu asome, usiseme kwa mdomo, mdomo utapunguza. Mwonyeshe na hiyo mikono. Halafu mwambie jinsi unavyolala kwenye usukani. Wakisema wanakulaza, kubali, lori litasubiri. Mimi leo sifungui karakana mpaka unijulishe ya saa 8.